Linki Chafu za Norman Ndungu

Norman Ndungu aliigonga meza kwa kiganja, kalamu zikaruka. "Nitamfunga," alisema. "Huyo mtu nitamfunga."

Kwenye kompyuta ya Lornah, fundi wa tovuti, zilikuwa zimefunguliwa kurasa ambazo mzee wa kanisa kama Norman hakutaka kuonekana akizitazama: kamari, dawa za nguvu za kiume, wanawake nusu uchi. Na katika kila ukurasa, mahali fulani chini, palikuwa na linki. Ukiibonyeza, inakupeleka moja kwa moja hadi kwenye tovuti ya nyumba yake ya wageni pale Parklands.

Lornah alimweleza bila kupandisha sauti. Google huangalia ni kina nani wanaokutaja. Ukitajwa na watu wa maana, tovuti yako inapanda. Ukitajwa na wahuni, inashuka. Linki hizi zilikuwa takataka zilizomwagwa mlangoni pake.

Norman hakuhitaji kuambiwa zimemwagwa na nani. Nyumba ile aliianzisha pamoja na Ndambuki, wakaiendesha bega kwa bega, mpaka asubuhi moja Norman akabadilisha kufuli na kuiacha mifuko ya mwenzake nje ya lango, mvua ikinyesha. Makaratasi yote yalikuwa kwa jina la Norman. Ndambuki alisimama pale akilowa.

Norman aliuliza kama Lornah anamjua mtu huyo. Lornah akasema hamjui, akaendelea kubonyeza. Yeye ndiye aliyempigia Norman simu, akamwambia ameiona tovuti yake ikianza kuugua na kwamba kazi yake ni kutibu tovuti. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu, katikati ya jiji.

Norman hakumpenda. Alimwona msichana anayejua kompyuta na kujisikia. Alimwonya kwamba akiiharibu kazi, atahakikisha hapati nyingine Nairobi hii. Lornah aliitikia tu. Kazi yenyewe, alisema, ni kuandika barua pepe: kumwomba kila mwenye tovuti, kwa heshima, aiondoe linki. Ila hawatamsikiliza mtu wa pembeni. Lazima barua zitoke kwa mwenye nyumba mwenyewe.

Norman akampa neno la siri la barua pepe ya biashara, huku akinung'unika.

"Nikuonyeshe kila barua kabla sijatuma?" Lornah aliuliza.

"Nimekuajiri ya nini sasa? Wewe andika."

Tangu hapo simu za Lornah zilimfurahisha Norman kuliko chakula. Leo fulani amekubali kuondoa. Leo mwingine amekubali, tena haraka. Norman aliwaza sura ya Ndambuki akigundua kwamba sumu yake haifanyi kazi.

Lakini wageni walipungua. Watu wa Juba na Mwanza, waliokuwa wakileta wagonjwa wao hospitali za Parklands na kulala kwake, hawakupiga simu tena. Tovuti ilishuka hadi ukurasa wa pili, kisha wa nne, kisha haikuonekana kabisa. Norman alimfokea Lornah kwa simu mpaka watu barabarani wakageuka. Lornah alimjibu kwa utulivu uleule: lazima ishuke kwanza ndipo ipande.

Norman hakuweza kungoja. Aliendesha gari hadi Waithaka, kwa Ndambuki. Alikuta vijana wakishusha vitanda vipya kutoka kwa pikapu, na nyumba nzima ikinuka rangi. Munyiva, mkewe Ndambuki, alimtolea kiti. Norman hakukaa. Alisimama langoni akapaza sauti ili majirani wasikie: mwizi, mchawi wa mitandao, mtu asiyeweza kuendelea mpaka avute wenzake chini. Kesho polisi wangekuja. Na hivyo vitanda, nani mwenye akili angekuja kulala kwenye tope kama hili?

Ndambuki alijifuta rangi mikononi kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mimi sijakutupia takataka hata moja, Norman. Hiyo unaona kwa kompyuta ilikuwa huko hata kabla hujanifungia nje. Mtandao umejaa hiyo. Haijawahi kumwangusha mtu."

"Unanichukia."

"Nakuchukia sana," Ndambuki alisema. "Lakini takataka sikutupii."

Norman alitema mate chini, akaondoka. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno atakayowaambia polisi.

Hakufika kwa polisi. Vyumba vilibaki vitupu, mpishi akaachishwa kazi, na mwishowe Norman akavaa suti yake nzuri akaenda kwenye hospitali iliyo karibu na nyumba yake. Miaka yote tovuti ya hospitali hiyo ilikuwa ikiwaelekeza jamaa za wagonjwa kwake. Aliuliza ofisi ya Carolyne, anayepokea wagonjwa wa kutoka nje ya nchi. Aliimeza hasira yake, akauliza kwa upole kama amewakosea kitu, maana hawamletei watu siku hizi.

Carolyne alimtazama kwa mshangao.

"Lakini Mzee, si ni wewe ulituandikia barua pepe? Uliomba tukutoe kwa tovuti yetu, tukakutoa. Hata wale wa ubalozi na wa chuo kikuu waliniambia umewaandikia hivyo hivyo." Kisha uso wake ukalainika, akamshika Norman mkono kwa mikono yake miwili. "Na vile uliomba hiyo nafasi yako apewe Bwana Ndambuki wa Waithaka, eti ndiye mlianza naye. Mzee Norman, hapa ofisini tulisema, watu wenye roho kama yako wamebaki wachache."