Jikoni Hakupataja

Siku hizi kila chumba kina ukurasa wake kwenye mtambo wa kompyuta unaoendesha nyumba, na msimbo, yaani maagizo yaliyoandikwa humo, hufanya kazi kwenye kurasa ulizotajiwa tu. Msimbo wetu aliuandika Baba Nasra, mume wangu. Aliniambia unapunguza kelele za barabarani. Nilimwamini, kwa nini nisimwamini? Tangu anioe sikuwahi kusikia neno kali kutoka kwake.

Jikoni haingii. Kwao, mwanamume akionekana jikoni huchekwa mpaka kwenye misiba. Lakini jana mafuta ya vitumbua yaliniunguza mkono, nikapiga ukelele, naye akaja mbio akaingia.

"Unampigia nani makelele? Jitu zima, hata kushika upawa hujui."

Sauti ilikuwa yake, ila kavu, ya chuki. Nadhani alishtuka kuliko mimi, maana aligeuka akatoka bila kuutazama mkono wangu.

Nikaufungua mtambo. Juu kabisa ya msimbo alikuwa ameandika: nisemee vizuri mbele ya mke wangu, kwenye ukurasa wa sebule, wa chumba cha kulala na wa baraza. Jikoni hakupataja. Hakutegemea hata siku moja kupakanyaga.

Nikamfuata sebuleni, mkono nimeuzungushia khanga.

"Baba Nasra, umewahi kunipenda?"

"Nakupenda sana, mke wangu," ikajibu sauti ile laini niliyoizoea.

Safari hii nilikuwa namtazama midomo. Alikuwa ameifumba.