Lengo la Kambi ya Mashariki

Tangu mapinduzi yaanze, sheria ni hii: kabla ya shambulizi la kushtukiza, mama wa mpiganaji husomewa lengo la mwanawe, kisha huweka kidole gumba kukubali. Eti ni heshima.

Asubuhi kifaa cha ukutani kilinisomea la mwanangu: "Kikosi cha binti yako Raya kitavamia kambi ya mashariki. Lengo si kuiteka. Lengo ni maadui wote wakimbilie huko, daraja libaki tupu."

Nikaweka kidole.

Hata sijakaa, jirani yangu Mwanakheri akaja kuazima mbuzi ya nazi, uso umemkunjuka.

"Shoga, mwanangu atavuka daraja! Wamenisomea kuwa maadui watakuwa wameondoka. Wewe waamini kweli wataondoka wote?"

Ile mbuzi niliishikilia kidogo kabla ya kumpa.

"Wote, shoga," nikamwambia. "Wote."