Ziara za Onorable

Kila asubuhi Mama Euphrasie wa Nyabiondo alimlisha Onorable majani ya viazi kabla yeye mwenyewe hajatia kitu kinywani. Asubuhi hiyo jani la tatu lilikuwa bado linatafunwa pikipiki ya Trésor, kijana wa kubeba abiria, iliposimama mlangoni.

"Mama, leta kitunga! Bwana wa projet anafika Muheto saa tatu."

"Hata hajamaliza kula!"

"Atamalizia mu njia."

Onorable alikuwa pelele, mnyama wa mitini, mkubwa kama sungura, asiye na mkia. Euphrasie alimwokota akiwa mchanga, siku wachoma makaa walipouangusha mti wa mwisho wenye tundu kilimani. Sikio la kushoto lilipasuka siku hiyo. Jina alilipata baadaye, kwa tabia zake za mbunge: alikula, akalala, na akiitwa na raia hakuitika.

Projet ya kulinda wanyama wa msitu ilikuwa imetangaza: kijiji chenye pelele kitajengewa maternité, nyumba ya kuzalia. Kisicho naye kitapewa bango tu. Olga, binti ya Euphrasie, alikuwa na mimba ya miezi saba, na pa kuzalia palikuwa mwendo wa saa tatu kwa pikipiki, mvua isiponyesha. Muheto nako kulikuwa na mabinti. Basi Onorable alitembelea vijiji sita wiki moja, kila kimoja kikimwonyesha kama wake, kuliko mbunge yeyote.

Saa sita Trésor alimrudisha kwa njia ya mkato. Robo saa baadaye ikaja jeep. Bwana Édouard, mtaalamu wa wanyama kutoka Goma, akashuka na daftari lake, viatu vikiwa bado na tope la Muheto.

Euphrasie alifunua kitunga. Onorable, akinuka petroli, akamtazama mtaalamu, akapiga mwayo, akamkalia kiatu.

"Hana woga," Édouard alisema.

"Ma pelele ya Nyabiondo iko na adabu, Papa," Trésor alidakia.

"Hata ya Muheto. Na yote iko na sikio lenye kupasuka." Édouard aliandika polepole. "Inaweza kuwa espèce mupya, aina yenye haijulikane."

Watu wakaitikia kwa heshima, wakijiuma midomo. Msomi wa vitabu vyote vile! Euphrasie nusura amwonee huruma.

Mtaalamu alimpiga Onorable picha, upande wa kuume tu. Kisha akatia nukta ya saba kwenye ramani yake. Maternité ilikuwa imepatikana. Vigelegele vikapigwa, Olga akashika tumbo, akaketi chini pale pale.

Watu walipotawanyika, Édouard alibaki nyuma akimkuna Onorable shingoni. Aliitazama jeep, akaitazama njia, kisha akamwinamia Euphrasie.

"Mama, pikipiki ya Trésor inamuchokesha huyu. Kesho nitamubeba mwenyewe mu jeep, tutembelee vijiji vya Walikale. Kule kote sikupata hata mumoja wa kuazima."