Kitambaa cha Hadia

Kompyuta ilizima tena, palepale Hadia alipovuta pumzi aanze kuimba. Mshamu akaipiga kofi ubavuni, akachomoa waya, akachomeka, akakaa, akasimama. Tangu amzike Hadia, mkewe, hajawahi kuimaliza video hiyo ya harusi ya shemeji yake Somoe.

"Umeme upo, waya nimebadilisha. Sasa inataka nini?"

Somoe, aliyekuja kumjulia hali, aliweka mkono juu ya mashine, akauondoa upesi.

"Shemeji, inaungua hii! Toa hicho kitambaa, inakosa hewa."

"Kitambaa hakitoki."

Kilikuwa cha kufuma, chenye maua meupe, nacho kilifunika matundu yote. Hadia alikifuma, akakitandika hapo mwenyewe. Tangu afariki hakuna aliyekigusa.

"Basi dada hutamsikia."

Mshamu akazunguka chumba, akarudi. Akakiinua kwa ncha za vidole, kama anayemfunua mtoto aliyelala. Vumbi likaruka.

Mashine ilipopoa wakaiwasha. Hadia akaimba, akaimba mpaka mwisho, akacheka.

Somoe alikuwa akijifuta machozi. Mshamu alikuwa bado amesimama, kitambaa mikononi, akitafuta pa kukiweka.