Taa ya Kijani

Kwa sheria ya sasa, mpima maji wa mgodi wa makaa ya mawe lazima aishi katika kijiji kilicho chini ya mgodi na anywe maji anayoyapitisha mwenyewe kuwa salama. Akiyapitisha, mabomba yote ya kijiji yanawaka taa ya kijani.

Jumapili, mama mkwe wa Osmundi, mpima maji, alifika na kiu, akajikingia maji bombani jikoni. Taa ilikuwa kijani. Osmundi akampiga mkono, kikombe kikaruka.

Kumpiga mkwe! Hakujua auweke wapi uso wake.

“Sisi tunakunywa ya mvua, mama,” mkewe alinong’ona. “Yako kwenye ndoo.”

Mama alijifuta kwa kanga taratibu, akawatazama majirani waliokuwa wakikinga maji nje.

“Basi toka, baba,” akasema. “Nenda kawapige na wale mikono.”