Nyumba Iliyorudishiwa Sauti

Sheria ni kwamba mtoto wa darasa la nne akisoma kama wa darasa la kwanza, shule huzima sauti za vitu vyote nyumbani kwao hadi afaulu kusoma. Hivyo tangu Januari jiko letu lilikuwa kimya, friji kimya, hata chupa za dawa za mama mkwe. Kila kitu kiliandika tu maneno yake, na sisi wakubwa, tuliolelewa na vitu vinavyosema, hatujui kusoma. Tulimtegemea Zamaradi, binti yangu, na hayo ndiyo yalikuwa masomo yake ya ziada.

Nilichoka jamani. Wali uliungua huku mtoto akivuta silabi za onyo la jiko.

"Bibi, meza ki... kidonge ki... kimoja," alikuwa akisoma, na bibi yake alimsubiri bila kumharakisha. Taratibu akaacha kukwama. Jioni tukawa tunamzunguka atusomee hata pakiti ya chumvi.

Leo mwalimu wake amenipigia: Zamaradi amefaulu. Nilikaa chini, nikashusha pumzi. Papo hapo jiko likaniita kwa jina, nusura nilibusu.

Wakati wa chakula bibi aliinua chupa yake ya dawa, akamgeukia mjukuu wake kama kawaida. Zamaradi akafungua kinywa.

"Kidonge kimoja, baada ya kula," ikasema chupa.

"Alhamdulillahi," nikasema.

Bibi akameza. Zamaradi akafumba kinywa, akavuta sahani yake ya wali, ambao leo haukuungua.