Kiranja wa Jikoni

Sheria ni fupi: uvimbe ukitolewa mwilini mwa mtoto, hurudishwa nyumbani ukiwa hai ndani ya chupa, ili dawa ijaribiwe kwenye uvimbe huo kwanza. Ukifa, mtoto hupewa dawa hiyo. Ni marufuku kuupa jina.

Mimi, nikiwa likizo kutoka shule ya bweni, niliuapisha rasmi uvimbe wa mdogo wangu Tunu, wa miaka mitatu. Ulikuwa na nywele na jino moja, nikautangaza Kiranja wa Jikoni, maana chupa yake ilikaa jikoni. Tunu alicheka hadi akapaliwa.

Wiki mbili dawa haikufanya kitu. Daktari akasema damu ya Tunu inaonyesha uvimbe unaota tena mwilini mwake. Ndipo mama alipomfumania Tunu akimwaga dawa na kumbadilishia Kiranja maji.

"Nani kakipa jina kitu hiki?" mama aliuliza, akinitazama mimi.

Jana nilitia dawa mwenyewe, nikailinda chupa. Tunu alilia kwenye mapaja ya mama. Kufika adhuhuri Kiranja alikuwa amekufa.

Leo muuguzi amebisha hodi na dawa ileile. Tunu amejificha nyuma yangu, ananong'ona:

"Kaka, mimi nimekosa nini?"